Korongo Waliozikwa Silibwet

Siku ya kuniaga mlinipa saa ya ukutani, mkanipigia saluti ambayo kwa mara ya kwanza haikuwa na haraka, kisha mmoja wenu akanisogelea karibu na sufuria ya pilau akaniuliza kwa sauti ya chini, "Afande, ile ya korongo ni kweli?" Nilimjibu kwamba ni kweli, lakini si vile anavyoisimulia mpishi wa mesi. Katika masimulizi ya mpishi nilishuka kwa parachuti nikiwa nimemkumbatia korongo, tukawa tunasemezana njiani. Ndiyo maana nimekaa hapa nyumbani Silibwet, mto wa kuegemea nyuma ya mgongo na kikombe cha chai mezani, nikaamua kuiandika mwenyewe. Vyeo sitaviandika. Anayetaka kuvijua aangalie mabega kwenye picha. Mshahara nao ulikuja ukaenda, kama wa watu wote.

Niliingia jeshi la anga nikiwa kijana ambaye hajawahi kupanda hata ghorofa. Wenzangu kutoka sehemu za joto walitetemeka asubuhi ya kwanza pale kambini chini ya mlima, mimi nikafungua kifungo cha shati. Baridi ya Kericho na Bomet ilikuwa imenifunza mapema, maana chai huchumwa umande ukiwa bado, na mama hakuwa mtu wa kungoja jua. Baba alifariki nikiwa mdogo. Nililelewa na mama, shamba dogo la chai, na baba mdogo wangu, mzee Tonui, ambaye boma lake linapakana na letu na ambaye hajawahi kukubali kwamba ua uliopo katikati una maana yoyote.

Mwalimu wangu wa kwanza wa jeti alikuwa Meja Oduor, mtu mwembamba, mpole wa sauti, mkali wa macho. Siku ya kwanza hakuniuliza lolote kuhusu shule. Alinishika mikono akaigeuza. Vidole vyangu bado vilikuwa na weusi wa utomvu wa chai ambao sabuni ya jeshi haikuuweza.

"Hii mikono imekuwa ikifanya nini?"

"Imechuma chai, afande."

"Unachuma ukiangalia kila jani?"

"Hapana, afande. Macho yako mbele. Vidole vinajua majani mawili na chipukizi."

"Basi nusu ya kazi unaijua," akasema. Alinifunga macho kwa tai yake mwenyewe, akaniketisha ndani ya jeti iliyoegeshwa bandani, akaanza kutaja swichi moja moja. Nilitakiwa kuigusa kila moja bila kupapasa. Nilifanya hivyo kwa majuma mengi mpaka ile tai ikapoteza umbo lake, na tangu siku hizo kikosi kizima kiliniita Majani. Hata kwenye redio niliitwa hivyo, na wageni waliosikia walidhani ni neno la siri la kijeshi.

Vijana, mambo ya vitabuni mnayajua kunizidi, kwa hiyo nitawaachia yale ambayo hayamo. Usile maharagwe asubuhi ya kuruka. Kule juu hewa iliyomo tumboni hutanuka, na suruali ya kubana tunayovaa haina huruma. Penseli ya ramani ifunge kwa uzi kwenye paja, kwa sababu ikidondoka itakwenda mahali pasipofikiwa na mkono wala maombi. Ukizunguka jeti kabla ya kupanda, iguse kama unavyomgusa ng'ombe unayetaka kumkamua, ili ujue leo imeamkaje. Tena msalimie fundi kwa jina.

Somo kubwa la Meja Oduor lilikuwa jingine. Alisema marubani wengi hawauawi na kitu kilichoharibika, bali na mkono wao wenyewe uliokimbilia kukitengeneza. Jeti yetu ilikuwa na injini mbili. Mtu injini yake moja ikizimika, mkono huruka kwa woga, ukaizima ile nzima. Kwa hiyo alitufundisha kukalia mkono. Mkono wa kulia unabaki kwenye usukani, wa kushoto unauweka chini ya paja, halafu unasema kwa sauti kile unachokiona. Ukishasema, ndipo unautoa. Tulimcheka sana pembeni. Tulikuwa tukikalia mikono hata mesi, mchuzi ukikosa chumvi.

Mwingine wa kumtaja ni Sajini Wekesa, fundi wa parachuti. Chumba chake kilikuwa na meza ndefu kuliko ya kanisa, na ukiingia ulivua viatu na kufunga mdomo. Kila rubani alilazimika kusimama pale angalau mara moja kutazama parachuti yake ikikunjwa, pindo baada ya pindo. Akimaliza, Wekesa alikuwa na salamu yake.

"Fundi wa injini ndiye anakutakia safari njema," alikuwa akisema. "Mimi nakutakia ile ingine."

Mama hakuipenda kazi yangu, ila hakuisema vibaya mbele ya watu. Alipokuja kambini siku ya wazazi aliizunguka jeti akashangaa kwamba kitu kikubwa namna ile, chenye kelele kama ile, kina kiti kimoja tu. "Hata mtu wa kukusaidia kushika mzigo hakuna?" aliniuliza. Nilimwambia hakuna. Alitikisa kichwa akafungua kibuyu cha mursik alichokuja nacho, maziwa yetu yale ya kugandishwa na mkaa, akamnywesha Sajini Wekesa, kwa sababu alikuwa ameambiwa kwamba huyo ndiye anayefunga kitambaa.

Sasa nije kwenye siku yenyewe. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini, Bomet ikiwa wilaya changa inayojivunia ofisi zake mpya. Zoezi letu lilikuwa la kuruka chini kwa kufuata ramani: kuvuka Bonde la Ufa, kupanda Mau, kushukia upande wa Bomet, kugeukia Sotik na kurudi kupitia Kericho. Tulipaswa kuwa wawili, lakini jeti ya mwenzangu ilikataa kuwaka, nikaenda peke yangu. Njia ile sikuipanga mimi. Nalisema hili mapema kwa sababu mpaka leo hapa Silibwet watu wanaamini nilikuja kumsalimia mama.

Nilipita juu ya kilima cha mwisho, chai imetandazwa kila upande, na mbele yangu kinamasi kilichoko chini ya shamba letu. Korongo waliinuka kutoka kinamasini, wengi, pamoja. Niliona kijivu, nikaona taji za dhahabu, halafu nikasikia kishindo, na kingine, na kingine. Injini ya kushoto ilizimika papo hapo. Ya kulia ikaanza kutikisa jeti nzima.

Niliinua pua ya jeti ili mwendo uliobaki ugeuke kuwa kimo. Halafu, mtacheka, nikaukalia mkono wangu wa kushoto. Nilisema kwenye redio, "Majani. Nimegonga korongo. Kushoto imekufa. Kulia inatikisika, siigusi." Hakuna aliyenijibu, kwa sababu nilikuwa chini sana nyuma ya vilima. Niliyasema yale maneno kwa vilima peke yao. Nikaitazama ile ya kulia ikipanda joto, ikakohoa, ikanyamaza. Mbele palikuwa na kituo cha kununulia chai, ni siku ya kupima majani, na watu wamejaa na vikapu. Nilipinda jeti kuelekea upande wa pili wa kinamasi, kwenye tope ambako hata ng'ombe hawaendi. Kisha nikavuta mpini wa kiti.

Kiti kile hakiulizi cheo. Kilinitupa juu, mgongo ukasema neno ambalo nimeendelea kulisikia kila msimu wa mvua, na nilipofungua macho, kitambaa cha Wekesa kilikuwa kimefunguka juu yangu, cheupe na cha machungwa, kizuri kuliko nguo yoyote ya harusi. Niliogopa sana. Mtu asiwadanganye kwamba hakuna kuogopa. Niliogopa na nikaimba wimbo wa kanisani mstari mmoja ule ule mpaka chini.

Nilitua katikati ya chai. Aliyenifikia kwanza alikuwa mama mmoja aitwaye Kemunto, mchuma chai aliyetoka kwa Wakisii, upande wa pili wa Chepilat, akaja kufanya kazi kwetu. Alisimama na kikapu mgongoni akanitazama nikiwa na kofia ngumu kichwani na barakoa usoni.

"Wewe ni mtu?" akauliza.

"Ni mtu, mama."

"Basi usijigeuzegeuze. Unavunja chai ya wenyewe."

Aliponitoa kofia akanitambua, alipiga ukemi uliokusanya mlima mzima. Walinibeba kwa mlango uliong'olewa kwenye jiko la mtu. Mama alifika mbio bila viatu, akanishika uso kwa mikono miwili, akaniuliza swali alilokuwa akiniuliza kila mara nikija likizo, kama nimekula.

Hospitalini madaktari waliupiga mgongo picha, wakanipima urefu, wakagundua nimepungua kidogo. Walinivalisha mshipi mgumu kutoka kwapani hadi kiunoni. Hayo yote niliyavumilia. Kilichoninyima raha kilikuwa kamati ya uchunguzi iliyoongozwa na Kanali mmoja, mtu wa haki, nampa sifa yake, asiyetabasamu ovyo. Alikuja kando ya kitanda changu na mhandisi wake.

"Ulikwenda kumsalimia mama?" lilikuwa swali la kwanza. Nilimwonyesha njia kwenye ramani, akaridhika. Swali la pili halikwenda kirahisi.

"Injini mbili kuzimika pamoja ni jambo la nadra," alisema. "Injini moja kuzimika, halafu rubani kwa woga akaizima ya pili, si jambo la nadra. Jeti imezama kwenye tope na hatujui lini tutaitoa. Redio yako hakuna aliyeisikia. Nahitaji kitu cha kushika mkononi, Majani. Ukiwa umegonga korongo wengi hivyo, lazima kuna walioanguka. Tukiwapata, unaruka. Tusipowapata, nitaandika ninachoweza kukiandika."

Nilielewa. Hawangenifukuza. Wangeniweka ofisini kupanga ratiba za wengine, nikisikia jeti zinapaa nje ya dirisha. Afadhali wangenirudisha kwenye chai.

Niliporuhusiwa kukaa na mshipi wangu, Kanali aliitisha baraza hapa Silibwet, uwanjani mwa shule, chifu akiwa mwenyekiti. Mimi nilikaa kwenye kiti cha mwalimu, wima kama msumari. Walikuja wote: majirani, watu wa kanisa, wachuma chai, mama yangu, na baba mdogo Tonui mstari wa mbele na fimbo yake. Moyo wangu ulitulia. Hawa ni watu wangu, nikajiambia, na kijiji hiki hakipitwi na kitu. Mtu akinunua sufuria mpya Silibwet, kufikia jioni kila mtu anajua inaingia maji kiasi gani.

Kanali alisimama akasema waziwazi, "Rubani huyu anasema aligonga korongo. Tunataka kujua. Kuna mtu aliyeona korongo waliokufa? Au manyoya? Au chochote?"

Watu wote walikuwa wakitazama nyasi, kana kwamba nyasi ndizo zilizoulizwa.

"Mzee?" Kanali akamgeukia baba mdogo.

"Korongo?" alisema baba mdogo. "Hapa kwetu? Hakuna hiyo kitu hapa. Sisi ni watu ya chai na ng'ombe."

Wakati huohuo, kutoka kinamasini, korongo wakalia, ile sauti yao ya tarumbeta ambayo haiwezi kuchanganywa na nyingine.

"Na hiyo ni nini?" Kanali akauliza.

"Hiyo ni kuku ya jirani," baba mdogo akasema bila kupepesa.

Nilimtazama Kemunto. Aliiuma midomo yake akatazama kwingine. Nilimtazama mchungaji wetu, naye akawa anafunga kamba za viatu. Nilimtazama mama, akanikonyeza! Baraza likavunjwa. Kanali aliniambia, bila ubaya, kwamba watalala Bomet mjini na kuondoka asubuhi. Nilitembea hadi nyumbani nikiwa na uchungu ambao mshipi haukuufikia. Wangesema tu waliona. Kwa nini watu walionibeba kwa mlango waniangushe kwa mdomo?

Mama aliniwekea kimyet, ugali wetu, na mboga, akaleta kibuyu kipya cha mursik, akaketi karibu yangu. Alikuwa na furaha.

"Umeona vile tumekusaidia?" akasema kwa Kipsigis.

"Mmenisaidia nini, mama?"

Alitazama mlango, kisha akainama sikioni mwangu. "Usiogope. Hawatawapata. Baba yako mdogo aliwazika siku ileile, vizuri kabisa, na majani mabichi. Kila mtu ameapa. Hata Kemunto."

Hapa nisimame niwaeleze, maana wengi wenu hamtoki kwetu. Kila ukoo wa Kipsigis una mnyama wake ambaye haumuumizi wala hauchezi naye. Ukoo wa baba yangu ni wa korongo, kong'ony kama tunavyomwita. Tunasali, tunabatizwa, Jumapili tunajaza kanisa, lakini korongo akiingia shambani kwetu hatumrushii jiwe, na mchungaji wetu, ambaye ni wa ukoo huohuo, hajawahi kuhubiri juu ya hilo. Kwa hiyo siku ile kijiji kilipoziona maiti za korongo chini ya njia niliyopita, kilichokuwa mbele yao hakikuwa ajali. Waliona kijana wa korongo ameua korongo. Kisha wakaja wanajeshi wenye kofia, kutoka mbali, wanauliza nani ameona korongo waliokufa. Kijiji kizima kiliamini kwamba kesi ni hiyo. Walikuwa wananificha.

Nilicheka mpaka mshipi ukaniuma, halafu nikalia. Nililia kwa sababu nilikuwa nimewawazia vibaya kwa muda wote wa kutoka uwanjani hadi mezani, nao walikuwa wamedanganya serikali, kila mmoja na woga wake, kwa ajili yangu.

Nilimweleza mama. Alinisikiliza, akainuka, akamwita Tonui kwa kupaza sauti juu ya ua. Baba mdogo alikuja, akasikiliza yote akiwa amesimama.

"Kwa hivyo," akasema polepole, "ukigonga korongo, jeshi linafurahi?"

"Halifurahi, baba. Linaniamini."

"Jeshi la namna gani hilo?"

"Linataka kuwaona tu, wajue sikuharibu jeti kwa mkono wangu. Wasipowaona, sitaruka tena."

Alitikisa kichwa. Alisema mambo ya jeshi ni ya jeshi. Waliozikwa wamezikwa, na wao si viazi vya kufukuliwa na wageni kwa jembe. Alisema nikae nyumbani nichume chai, kwani chai imemdhulumu nani. Nilijaribu hili na lile, akazidi kuwa mgumu, na ninyi mnaojua wazee wenu mnajua ugumu wenyewe. Ndipo mama, aliyekuwa akiosha kibuyu, akageuka.

"Tonui, hao korongo ni nani kwetu?"

"Ni ndugu."

"Ndugu kabisa?"

"Kabisa."

"Basi watoe ushahidi," mama akasema. "Mtoto wao ako na kesi, na ni wao peke yao waliona. Ndugu gani anakataa kusimama na mtoto wake?"

Baba mdogo aliketi. Akaomba mursik, akanywa yote, na mtu akinywa mursik wa mama mpaka chini huwa tayari amekubali. Usiku huo sikulala. Kulipopambazuka jirani alikwenda Bomet kumwahi Kanali kabla hajaondoka.

Kanali alifika na mhandisi wake, viatu vikiwa na tope la kinamasi. Baba mdogo aliwasimamisha mbali kidogo na kilima kidogo cha udongo alikowazika korongo.

"Kofia mtoe," akasema. "Na kila mtu ashike nyasi."

Kwetu anayeshika nyasi ameomba amani. Mhandisi alimtazama Kanali. Kanali alivua kofia, akaiweka kwapani, akang'oa nyasi, akasimama wima nazo kama anashika bendera. Nilimpenda mtu yule kuanzia hapo. Baba mdogo alimwaga maziwa kidogo, akasema na wale waliozikwa kwa Kipsigis, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anavyoongea na majirani. Aliwaambia kijana wao hakuwakusudia, kwamba ana kesi kwa watu wake wa kazi, na kwamba wanaombwa waamke kidogo tu wamsaidie, halafu walale. Kisha akafukua yeye mwenyewe, kwa mikono.

Walikuwa pale, juu ya yale majani, sasa yamekauka. Manyoya yao yalikuwa na masizi na yalinuka mafuta ya jeti, ile harufu ya mafuta ya taa ambayo hakuna korongo aliyezaliwa nayo. Mhandisi alichuchumaa. Kanali akasema taratibu, "Alisema kweli kwamba aliwagonga. Bado sijui kama walizima injini zote mbili."

"Kuna hizi pia," akasema baba mdogo, akatoa mkebe wa majani ya chai uliokuwa umezikwa pembeni yao.

"Nini hizo, mzee?"

"Chuma kidogokidogo. Ilianguka na wao hapo malishoni. Mimi nikaokota yote, ng'ombe yangu isimeze. Nikaona ni ya marehemu, nikaweka na wao."

Mhandisi alimwaga vile vipande kwenye leso yake. Vilikuwa vipande vya mapanga ya ndani ya injini, vilivyovunjwa na kutemwa nyuma. Kila panga huwa na namba yake iliyochongwa, na yeye namba za jeti ile alikuwa nazo. Alisoma moja, akasoma nyingine. Alisoma tena. Halafu akainua uso.

"Hii ya kushoto, afande. Hii ya kulia. Hii ya kulia pia. Zote mbili zilivunjwa hapa."

Kanali alinitazama, akatazama mkono wangu wa kushoto.

"Ulifanya nini na huo mkono?"

"Niliukalia, afande."

Ndipo nilipomwona akitabasamu. Alimgeukia baba mdogo akampa mkono, na kabla ya kuondoka akauliza kwa adabu kama kuku wa jirani hawajambo.

Meja Oduor alipoisikia habari hii aliniandikia maneno machache: kwamba wakati mwingine niwaambie wakubwa, watu wakinyamaza wasiwaulize waliona nini, wawaulize wanaogopa nini. Nami nawaachia ninyi hilo. Jeti zitaendelea kuanguka mahali penye watu.

Mgongo ulichukua miezi kupona. Siku ya kurudi angani Sajini Wekesa alinikunjia parachuti mpya, akanung'unika kwamba ile ya kwanza ilirudi kwake ikiwa imepungua kitambaa upande mmoja. Krismasi iliyofuata kwaya ya akina mama wa kanisa letu ilisimama mbele ikiwa imefunga vitambaa vya machungwa vinavyong'aa ajabu, Kemunto akiwa katikati, na mimi nikainamisha kichwa nikasali kwa bidii.

Lakini ukoo ulikuwa na kesi yake, na hiyo haikuhitaji Kanali. Wazee walikaa kwa baba mdogo, wakanikemea, wakaniamuru mambo mawili. La kwanza, nikipita Bomet nipite juu, kwa sababu chini kuna wenyewe. Nililitii mpaka siku ya mwisho, nanyi mliokuwa mkishangaa kwa nini Majani hupanda ghafla akivuka Mau mmepata jibu. La pili, nisimfukuze korongo maishani mwangu, hata nikimkuta anakula mali yangu. Hilo nililikubali nikicheka, kwa kuwa wakati ule mali yangu yote ilikuwa sanduku la bati na viatu viwili.

Sasa nimestaafu na nina mahindi. Niliyapanda mwenyewe juma lililopita, kipande cha chini, karibu na kinamasi. Asubuhi ya leo nilitoka na kikombe changu nikawakuta korongo shambani, dume na jike na makinda yao, wanatembea kwenye mistari yangu kwa heshima zote na kufukua punje moja baada ya nyingine. Mama, ambaye sasa anatembea kwa mkongojo, alikuwa amewekewa kiti nje akiwaangalia kama mtu anayeangalia wajukuu. Nilivumilia. Nilivumilia tena. Mkono wangu ukaenda wenyewe, ukaokota bonge la udongo.

"Rubani!" Sauti ya baba mdogo ikatoka juu ya ua. "Weka hiyo chini. Wale wa kwanza tulikuficha. Hawa tutakusema."

Nililiweka chini, nikaukalia mkono.